Mwenyeji Huonja Kwanza

Watu wakikuambia Kigali kuna kila kitu, waulize mlevi anayetaka kuacha huenda wapi. Mimi niliuliza. Padri akaniambia tumwombee. Nesi wa zahanati akaniandikia vidonge vya usingizi, tena vya kunilaza mimi. Jirani yangu akatupeleka kwa walokole wenzake, wakamwekea Salvator mikono kichwani, wakamsukuma mpaka akadondoka, wakasema pepo wa pombe ametoka. Labda alitoka kweli, lakini hakwenda mbali, maana jioni hiyohiyo walikutana tena kwenye baa ya pale kona.

Salvator ni mume wangu. Tulikulia Karagwe, watoto wa wakimbizi, tukarudi Rwanda tungali vijana, na sasa tunaishi Masaka, pembeni mwa Kigali, kwenye nyumba yenye migomba michache nyuma na barabara ya vumbi mbele. Yeye ni mpima ardhi. Mimi ni Daphrose, ila tangu tumpate binti yetu wa kwanza kila mtu ananiita Mama Gwiza. Nina mdomo. Nasema mapema usije ukashangaa mbele ya safari.

Salvator hakuwa mlevi wa kupiga watu wala kuvunja vyombo. Afadhali angevunja, ningepata la kumshtaki. Yeye alikuwa mlevi wa kutokuwepo. Unaongea naye, anaitikia, kesho hakumbuki hata neno moja. Siku Gwiza anahitimu chuo alisinzia mstari wa mbele akakoroma mpaka mgeni rasmi akanyamaza kidogo kumsubiri. Gwiza hakusema kitu siku ile. Alikuja kusema baadaye, tukiwa mezani, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba, Arthur anataka kuwaleta wazee wake waje kuniposa. Ninataka wewe ndiye ukae kwenye kiti cha mzazi. Lakini kama utakuwa umekunywa, nitamwomba baba mkubwa akae."

Baba mkubwa ni Jean-Berchmans, kaka yake Salvator, mtu anayependa viti vya mbele kuliko chakula. Salvator aliinama kwenye sahani yake. Asubuhi, kabla sijatoka kwenda kazini, akanishika mkono mlangoni. "Nitafutie mahali," akasema. Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniomba kitu kwa sauti ile.

Kazini kwetu, ofisi ya kutoa mizigo forodhani, yuko mhasibu Mkenya anaitwa Auma. Nilimweleza nikiwa nimeufunga mlango. Auma akanishangaa. "Mama Gwiza, kwani hujui kuna vikundi? Kwetu viko kila mtaa. Walevi wanakutana wenyewe kwa wenyewe." Nikamuuliza walevi wakikutana wenyewe kwa wenyewe itakuwa nini kama si baa. Akacheka, akapiga simu mbili tatu, akanipa namba ya Mtanzania mmoja, Goodluck.

Goodluck nilikaribia kugombana naye hata kabla sijamwona. Nilimweleza historia yote tangu mwanzo, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Anayekunywa ni nani?"

"Mume wangu. Si ndicho ninachokueleza saa nzima?"

"Basi, mama, anipigie yeye."

Nikampa vidonge vyake, nikamwambia kama angekuwa mtu wa kupiga simu nisingekuwa nahangaika. Goodluck hakukasirika. Akasema tena vilevile, anipigie yeye, na akakata simu kwa heshima. Nilimpelekea Salvator ile namba nikiwa nimenuna, nikaenda jikoni nikajifanya nachambua maharage. Alikaa na simu mkononi muda mrefu. Hatimaye nikamsikia anasema, "Haloo, naitwa Salvator."

Kikao kilikuwa Kanombe, Alhamisi jioni, kwenye vyumba vya nyuma ya kanisa moja karibu na uwanja wa ndege. Hakuna kibao, hakuna mshale, kwa sababu wenyewe hawataki kujulikana. Tulifika, tukaona chumba chenye taa na watu wamekaa kwa utulivu, tukaingia, tukakaa nyuma. Nikaona vijana wengi, wawili wawili. Nikasema moyoni, Mungu wangu, pombe inawamaliza wangali wadogo hivi? Mama mmoja akasimama mbele akaongea habari za uvumilivu, kusameheana, kupanga idadi ya watoto. Mwisho akatugeukia. "Na ninyi wazee wangu, karibuni sana. Ndoa mnafunga lini?"

Tulikuwa tumeingia kwenye mafundisho ya wachumba. Salvator alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo, bila pombe, tangu sijui lini, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomvusha ua mpaka mlango wa pili, wa kikundi chenyewe. Bila hicho angenigeukia tukarudi Masaka.

Jioni ile ilikuwa ya mlango wazi, jamaa za wanakikundi wanaruhusiwa, kwa hiyo niliingia naye. Viti vya plastiki, birika la chai, biskuti. Kila mtu anataja jina moja tu, anasema yeye ni mlevi, wenzake wanamsalimu. Waliongea Kiswahili, maana Wakenya na Watanzania walikuwemo, na Wanyarwanda wenye hofu ya kujulikana waliona afadhali kusemea aibu zao katika lugha isiyo ya mama zao. Ndege ikipita juu, wananyamaza mpaka imalize. Goodluck, kumbe kijana tu mwenye tumbo dogo, akatusomea sharti: unayemwona hapa, umemwona hapahapa. Waliyoyasema sitayasema. Na mdomo wangu huu, hilo sijawahi kulivunja.

Baada ya hapo Salvator aliingia peke yake kila wiki, nami nikawa nasubiri nje, kwa sababu nikimwacha arudi na pikipiki, kati ya Kanombe na Masaka kuna baa nyingi kuliko vituo. Niliwaona wote wakiingia na kutoka. Mmoja nilimpenda kwa adabu zake: mtu mrefu, shati limepigwa pasi vizuri, kila mara ananipa mkono na kuniuliza habari za nyumbani. Alijiita Protas. Salvator alikuwa akitoka mara nyingi wanazungumza naye, wanasimama kando ya lango, wanacheka kama wanafunzi.

Wiki zikapita, zikawa miezi. Salvator hakunywa. Alikuwa mkali, alikula sukari kama sisimizi, alinikera kuliko alipokuwa mlevi, lakini alikuwepo. Gwiza akampa Arthur ruhusa ya kuleta wazee kwa ile ziara ya kwanza ya kujitambulisha. Nikaandaa chai na soda, nikavaa mshanana wangu, vazi letu la sherehe, mlango ukagongwa, nikafungua. Baba yake Arthur alikuwa Protas.

Alinipa mkono. Safari hii hakuniuliza habari za nyumbani. Nyuma yake alikuwa mkewe, Pudentienne, mwanamke nadhifu wa kwaya, aliyenikumbatia akasema amefurahi sana kunifahamu. Salvator akainuka kitini na kusema, "Karibuni wageni," kama vile hajawahi kumwona yule mtu maishani mwake. Tukanywa soda zetu. Pudentienne akatueleza kwamba wao nyumbani kwao pombe haiingii, kwamba Protas ni mtu wa maji tu na vidonda vya tumbo. Protas alitazama glasi yake. Nikaelewa kwamba mama yule hajui kitu, wala hajui kwamba hajui.

Alhamisi iliyofuata wale wawili walisimama langoni muda mrefu, hawakucheka. Ndani ya gari Salvator akaniambia Protas amemwomba jambo moja tu: mkewe asijue. Alikuwa akinywa hotelini, safarini, chumbani peke yake na mlango umefungwa. Angemwambia mwenyewe, siku moja. Lakini kabla ya siku hiyo kulikuwa na siku ya kuposa, na siku ya kuposa ina kibuyu.

Kwetu, familia mbili hukaa zikitazamana, wasemaji wakarushiana maneno nusu ya siku, na wakishaelewana huletwa kibuyu kimoja cha pombe ya mtama chenye mirija. Mwenyeji, yaani baba wa binti, huonja kwanza, kuonyesha hakuna sumu. Kisha baba wa kijana huinamia kibuyu hichohicho. Mwenyeji akionja, mgeni hakatai. Ukikataa, hata kwa vidonda vya tumbo, umemwambia mwenzako huiamini mikono yake. Walokole husamehewa, wanaletewa juisi na kila mtu anaelewa. Sisi ni Wakatoliki, na ukoo mzima ulikuwa unamjua Salvator. Asingeweza kusimama akasema anatumia dawa.

Mimi ndiye niliyepata suluhisho, na nililionea fahari. Togwa. Mtama uleule, rangi ileile, povu kidogo, lakini haujachachuka. Nikampa kazi mama mmoja wa Gahanga anayeitengeneza vizuri. Salvator akamwambia Protas: usihofu, ndani ni togwa, inama unywe. Wote watatu tukalala usingizi.

Kosa langu ni kwamba vinywaji vilikuwa chini ya Jean-Berchmans, na nilimwambia habari ya togwa. Nilidhani atafurahi kumlinda mdogo wake.

Siku ilikuwa nzuri. Mahema meupe, ngoma, Gwiza amependeza mpaka nikashindwa kumtazama sana. Wasemaji walichekesha watu. Salvator alikaa kwenye kile kiti, suti yake ya kijivu, macho meupe, mikono imetulia, na nilimwona Gwiza akimtazama babake kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tangu akiwa mtoto. Nikasema basi, tumefika. Kibuyu kikaletwa, kikawekwa kwenye kigoda katikati. Salvator akasogea, akaushika mrija, akainama.

Akabaki ameinama. Mimi nilikuwa safu ya pili, nikaona mgongo wake umekakamaa. Nikageuka kumtafuta shemeji yangu. Jean-Berchmans alikuwa anatabasamu, akaniinamia sikioni kwa Kiswahili chake cha mitaani: "Niliweka ile ya kweli. Watu iko naangalia, hatuwezi kunywa uji wa watoto. Kidogo tu haiko na shida."

Salvator aliachia mrija. Akasimama wima, akaomba kipaza sauti kutoka kwa msemaji wetu, na msemaji akampa akiwa haelewi, kwa maana baba wa binti siku hiyo huwa haongei.

"Samahani wakwe zangu," alisema. "Hii ni pombe. Mimi ni mlevi. Nimeacha, na nikionja hata tone nitarudi nilikotoka. Kwa hiyo sitaionja. Na kwetu, asichoonja mwenyeji, mgeni hanywi. Naomba kiondolewe, yaletwe maziwa."

Watu mia tatu walikuwa pale, na watu wa kamera juu yake. Neno lenyewe alilitamka wazi, mlevi, mbele ya wakwe, mbele ya viongozi wa mtaa, mbele ya watu aliowapimia viwanja vyao. Mzee mmoja wa upande wetu akaweka mkono mdomoni. Jean-Berchmans aliondoka kwenye hema. Ng'ambo, Pudentienne alikuwa amekaza uso kama aliyepigwa kofi, na pembeni yake Protas alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, anatazama kile kibuyu.

Maziwa yakaja. Salvator akaonja, Protas akanywa. Shughuli ikaendelea, ngoma zikapigwa, lakini furaha ilikuwa imetoka kama hewa kwenye mpira. Gwiza alipokuja kuwasalimu wazazi alimshika babake mkono akakaa naye hivyo mpaka wapiga picha wakamwondoa. Alikuwa analia, na sikuweza kujua analia kwa lipi.

Asubuhi yake tulikuwa tunapanga viti vya kukodi uani, nikashindwa kuvumilia. "Ungejifanya," nikamwambia. "Ungeweka mdomo kwenye mrija, usivute. Nani angejua? Umemvua nguo mtoto wako mbele za watu, na wewe mwenyewe umejivua."

Salvator akaweka kiti chini. "Nilifikiria hilo. Nikiwa nimeinama pale nilifikiria hilohilo."

"Sasa?"

"Nilimwambia Protas ni togwa. Angekuja baada yangu, angevuta kwa nguvu zote, kwa kuniamini mimi."

Nilikuwa nimemwaza mume wangu, nikamwaza mtoto wangu, nikajiwaza na mimi. Yule mtu mrefu wa shati lililopigwa pasi hakunipitia akilini hata kidogo.

Katikati ya wiki Protas na Pudentienne walikuja. Nilijua wanakuja na nini, maana Arthur alishampigia Gwiza, na Gwiza alikuwa amejifungia chumbani. Nikawakaribisha, nikaleta chai. Pudentienne hakugusa kikombe chake kwanza.

"Mzazi mwenzangu," akaniambia mimi, "hatuna ubaya na Gwiza. Lakini ulevi huenda na ukoo. Arthur wetu hajawahi kuona pombe nyumbani kwetu. Sasa tumeona harusi ya kanisani isogezwe mbele, mpaka tujue baba yake anaelekea wapi."

Tumeona, alisema. Protas alikuwa kimya pembeni yake.

Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na sentensi moja tu, fupi, na ningeitoa, mama yule angeshuka kwenye lile kochi langu mwenyewe bila kusukumwa. Mtoto wangu alikuwa analia nyuma ya ukuta ule. Nilikwishafungua mdomo. Salvator akanitazama.

"Mama Gwiza," akasema, "ongeza chai."

Sijawahi kumchukia mume wangu, hata akiwa amelala kwenye matapishi yake, kama nilivyomchukia dakika ile. Nikaongeza chai.

"Una haki ya kuogopa, mama," Salvator akamwambia Pudentienne. "Mimi pia naogopa, kila nikiamka. Siwezi kukuahidi mwaka ujao. Ninachoweza kukuambia ni kwamba leo sijanywa."

"Ndiyo hayo ninayosema," Pudentienne akajibu, wala si kwa ukali. "Mimi nisingeweza kuishi na mtu wa namna hiyo. Hata siku moja."

"Umeishi naye," Protas akasema.

Alisema taratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Mkewe akamgeukia, hakuelewa. "Nani?"

"Mimi. Umeishi na mtu wa namna hiyo tangu Arthur hajaanza shule. Vidonda vya tumbo sina. Alhamisi ninapokuambia nina zamu, huwa niko na huyu, na wengine, tunasaidiana tusinywe. Na kile kibuyu, yeye alikikataa ili nisikinywe mimi. Angeweza kunitaja, hakunitaja. Ninyi mkarudi nyumbani mkamsema usiku kucha, nami nikakaa nikasikiliza."

Pudentienne alinigeukia mimi, sijui kwa nini mimi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na umekaa hapo unanimiminia chai."

Alikiweka kikombe mezani polepole sana, kama kimejaa, na kilikuwa karibu kitupu. Akachukua mkoba wake. Mlangoni alisimama akamwambia Salvator, bila kumwangalia mumewe, "Harusi ibaki tarehe yake. Mtoto wenu hana kosa." Kisha akatoka. Kupitia dirishani nilimwona anafungua mlango wa nyuma wa gari, anaketi kiti cha nyuma peke yake, kama abiria aliyekodi.

Protas alibaki amesimama katikati ya sebule, hajui kama aende au asiende. Salvator akavaa viatu. "Twende nikusindikize," akamwambia, na wakatoka pamoja, wakatembea hatua chache zile za uani polepole kuliko wazee.

Mlango wa Gwiza ukafunguka. Alikuwa amesikia kila kitu, kuta zetu ni nyembamba. Akaja akakaa karibu nami, akaniuliza, "Mama, sasa mbona wewe ndiye unalia?"

Nikamwambia ukweli, kwamba namlilia Pudentienne. Dakika kumi kabla ningeapa jambo hilo haliwezekani. Lakini nilikuwa nikimwona pale kiti cha nyuma, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, akirudi nyuma kichwani mwake mwaka kwa mwaka, safari moja moja, hoteli moja moja, akitafuta alipodanganywa, na najua ilivyo kazi hiyo. Mimi niliifanya, na huwezi kumfanyia mtu mwingine.